Bosi anataka niandike "umepumzishwa". Mngekuwa nyie mngefanyaje?

MtunzaFaili:
Wakuu habari za jioni, wakubwa shikamooni.

Niko idara ya utumishi, kampuni ya usafirishaji hapa Dar. Mizigo imekauka, watu 11 wanapunguzwa mwisho wa mwezi na barua naandika mimi. Bosi kanirudishia rasimu mara tatu. Neno "kupunguzwa" kalikata kwa kalamu nyekundu. Anataka iwe hivi: "Kampuni imeona vyema upumzike ujipange upya kimaisha", halafu chini mtu asaini kwamba wamekubaliana.

Mwaka jana dereva mmoja alipewa barua ya namna hiyo. Jumatatu kaja na sare yake kaipiga pasi. Alidhani ni likizo fupi! Mlinzi ndiye aliyemweleza, pale getini. Safari hii yumo mama wa stoo, ana miaka 9 kazini, ananiita mwanangu.

Mwisho_wa_Reli:
Mkuu, hii nchi ya "uteuzi wake umetenguliwa, atapangiwa kazi nyingine". Hiyo kazi nyingine wapo wanaoisubiri mpaka leo. Andika alivyosema bosi, usije ukawa wa 12.

BiMkubwaTanga:
Mwanangu, maneno laini si dhambi. Huwezi kumwandikia mtu "umepigwa chini". Kwetu hata mgonjwa aliyezidiwa twasema hajambo kidogo. Lakini tafsida ni ya kumsitiri anayeumia. Hiyo ya bosi wako yamsitiri nani?

Kanzu_Nyeusi:
Mnabishana juu ya neno, mimi naangalia saini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 38: anayepunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane nao. Kifungu cha 42: kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka 10. Huyo mama ni siku 63. Hulipwa pale mwajiri anapomwachisha mtu. Aliyeacha mwenyewe hana cha kudai. Sasa karatasi yenye saini yake kwamba "tumekubaliana apumzike" itakuja kusomwaje? Akichelewa kushtuka, kufungua shauri la kupinga kuachishwa kule CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ana siku 30 tu.

Mwisho_wa_Reli:
Duh. Nafuta usemi wangu.

MtunzaFaili:
Mrejesho. Leo nimempelekea bosi hesabu ya siku 63, sikugusa Kiswahili chake kabisa. Kanyamaza kidogo, akasema haya, andika "umepunguzwa kwa sababu kazi zimepungua", ila uongeze "kwa moyo mzito". Nimeongeza. Mama wa stoo nitamwambia mwenyewe kwa mdomo, kabla hajapewa bahasha.

Kanzu_Nyeusi:
Na ile sehemu ya kusaini makubaliano?

MtunzaFaili:
Hapo bado tunavutana, mkuu.