Stakabadhi zinaletwa tarehe 19 jioni, mtoto wangu atanyonya saa ngapi?

Wakuu, salaam. Ninaandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kuyaeleza mambo kama yalivyo.

Mimi ni mhasibu wa kampuni moja inayouza vifaa vya ujenzi Kariakoo, na nina mtoto wa miezi mitano. Kila mfanyabiashara aliyesajiliwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) anajua kwamba ritani, yaani taarifa ya kodi, ya mwezi haitakiwi kuvuka tarehe 20 ya mwezi unaofuata, kama vile kodi ya mishahara isivyotakiwa kuvuka tarehe 7. Hata hivyo bosi wangu hutembea na stakabadhi za manunuzi kwenye gari lake hadi tarehe 19 jioni, ndipo anapozileta zikiwa zimeshindiliwa kwenye bahasha ya kaki, nyingine zimefifia kwa jua kiasi kwamba hata TIN yetu (namba ya mlipakodi) haisomeki, kisha anatabasamu na kusema mhasibu hapati usingizi tarehe 19.

Mwezi uliopita nilitoka ofisini saa tano usiku. Tangu saa moja maziwa yalikuwa yanachuruzika. Nikajifunika mtandio kifuani na kuendelea kusaka tofauti ya shilingi 41,300 kati ya leja na ripoti ya EFD, mashine ya kutolea risiti, huku dada wa nyumbani akinitumia sauti ya mtoto akilia. (Ilikuwa risiti moja ya mauzo iliyoingizwa mara mbili.) Nilipofika nyumbani, mama mkwe alikuwa amempakata sebuleni. Hakugomba, aliuliza tu ni ofisi gani hiyo inayofungwa saa tano.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamruhusu mama anayenyonyesha kutumia hadi jumla ya saa mbili kwa siku, ndani ya muda wa kazi, kumnyonyesha mtoto wake, na inataka kazi ya ziada iwe ya makubaliano na ilipwe mara moja na nusu ya malipo ya kawaida. Nilipomkumbusha bosi, alinijibu kwamba siku zangu 84 za uzazi nilishapewa zote, sasa ninadai nini tena. Utadhani likizo ile ilikuwa sadaka yake!

Najua wapo watakaosema uhasibu ndivyo ulivyo. Ni kweli kwamba kufunga hesabu za mwaka na kuandaa ritani ya Juni kuna mikesha yake, na hilo nililijua tangu nikijiandaa na mitihani ya Bodi ya wahasibu. Mkesha wa tarehe 19 unatokana na uzembe wa mtu mmoja, na bado natakiwa kuuita kujituma.

Nimemwandikia barua nikipendekeza nyaraka zote za mwezi uliopita zifike mezani kwangu kabla ya tarehe 10. Hajaijibu. Wahasibu mliofanikiwa kumfanya mwajiri aheshimu tarehe kama hiyo, mlimwambiaje? Leo ni tarehe 17, na ile bahasha naiona kwenye dashibodi ya gari lake hapo nje.