Maonyesho ya zamani ya kikundi cha maigizo, ufukwe wa Magu: tuanze na kanda au tuanze na wazee?

Mtumbwi_Mkavu:
Wakuu, habari za jioni. Kikundi cha maigizo cha kijiji kimoja cha ufukweni mwa Ziwa Victoria, upande wa Magu, kinataka kuandaa siku ya kuangalia nyuma: kimecheza nini tangu miaka ya 80, lini, kwenye mwalo (kituo cha wavuvi) gani, nani alikuwa jukwaani. Vilivyopo ni kaseti za sauti 11 (C-60, za dakika 60), kanda za VHS 4 na moja ina ukungu mweupe, madaftari 3 yenye mitiririko ya maigizo, na albamu moja ya picha zilizogandia kwenye kurasa. Tarehe karibu hakuna. Waigizaji wa mwanzo waliobaki ni sita. Fedha ni ya kuungaunga. Tuanzie wapi?

Fundi_Deki:
Kanda yenye ukungu usiitie kwenye deki (mashine ya kuchezea kanda) hata kidogo, hata kwa "kuangalia tu kama inasoma". Ukungu unahamia kwenye hedi (kichwa kinachosoma utepe), na kanda safi itakayofuata inaupata. Itenge kwenye mfuko wa karatasi (nailoni inafungia unyevu ndani), ikae pakavu penye hewa na kivuli. Ukungu ukishakauka unafutwa kwa brashi laini, nje ya nyumba, umevaa barakoa. Ukiwa umeingia hadi katikati ya mizunguko ya utepe, mpelekee fundi mwenye deki ya ziada, ambayo hata ikiharibika si hasara.

Zilizo salama, kwanza vunja kijino cha plastiki ubavuni (VHS kimoja, kaseti viwili) ili mtu asirekodi juu yake kwa bahati mbaya. Peleka utepe mbele hadi mwisho, urudishe, ndipo ucheze. Mizunguko iliyogandamana inalegea. Hedi isafishe kwa spiriti ya asilimia 90 au zaidi na kijiti cha pamba. Ile yenye rangi ya kuwashia jiko inaacha masalia.

Sauti ikitoka kama mtu anayeongea ndani ya blanketi, usiseme kanda imekufa. Mara nyingi hedi ya redio yako imelala pembe tofauti na ya redio iliyorekodi. Kuna skrubu ndogo kando ya hedi: tia alama ilipo, izungushe kidogokidogo huku unasikiliza mpaka herufi "s" ikate vizuri. Utepe uliokatika uunge kwa tepu maalumu ya kuungia. Gundi ya selotepu inavuja na kugandisha mzunguko wa jirani.

Toa sauti kwenye tundu la hedifoni iingie kwenye kompyuta, tumia programu ya kurekodi ya Audacity (ni bure), 48 kHz, biti 24, mono, hifadhi kama WAV. Hapo saa moja ni kama MB 520, kwa hiyo kaseti zako zote 11 hazifiki GB 6. VHS ndiyo mlafi: kwa mfumo wa DV ni GB 13 hivi kwa saa, na kanda ya E-180 iliyojaa ni saa 3. Na hakuna njia ya mkato, saa moja ya kanda ni saa moja ya kukaa pale.

Daftari_la_Pembeni:
Fundi yuko sahihi kuhusu kanda, lakini mpangilio siukubali. Kanda imekaa miaka 30, itakaa miezi mitatu mingine. Wazee sita hawana uhakika huo. Anza nao wiki hii, kwa simu tu yenye kurekodi.

Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Atakupa mwaka ili usikasirike. Muulize mwenyekiti wa kijiji alikuwa nani, yeye alikuwa ameshazaa watoto wangapi, ilikuwa kabla au baada ya MV Bukoba kuzama (21 Mei 1996), gugumaji lilikuwa limeshaziba mwalo au bado. Kila mmoja peke yake kwanza, ndipo wote pamoja. Ukianza na kikao cha pamoja, mwenye sauti kubwa ndiye atakayekuwa historia yenu.

Na usimwambie akusimulie igizo. Mwanzishie wimbo wa kuingilia jukwaani, au mwombe asimame acheze nafasi yake. Maneno ambayo kichwa kimesahau yanarudi yakifuata miguu. Maigizo ya vijijini hayakuwa na maandishi kamili, yalikuwa na mtiririko wa mistari kumi na mengine yakazaliwa papo hapo. Kwa hiyo wazee wawili wakikupa miisho miwili, andika yote miwili na uonyeshe ipi ni ya nani. Ukiichanganya upate moja nzuri, umetunga igizo jipya. Kilichosemwa kwa Kisukuma kiandikwe kwa Kisukuma, tafsiri ikae pembeni.

Karabai:
Naongezea kuhusu tarehe. Kwenye mialo ya dagaa, wavuvi hutoka usiku wa giza kwa sababu samaki wanafuata taa. Mbalamwezi ikiwaka, watu wako nchi kavu, na igizo la jioni linapata watazamaji siku hizo. Mkishajua mwezi na mwaka, jedwali la mwezi mpevu linawapunguzia hadi siku chache. Mfano: mtu akisema "mbalamwezi ya kwanza baada ya msiba wa Mwalimu", mwezi ulipevuka usiku wa 24 kuamkia 25 Oktoba 1999. Ila taifa lilikuwa kwenye maombolezo, kwa hiyo mimi ningemuuliza tena kama hakumaanisha ile ya 23 Novemba.

Picha nazo zinasema. Mwaka 2006 ziwa lilishuka sana, na Mei 2020 lilipanda likameza fukwe. Linganisha maji na jiwe au mti uliopo mpaka leo. Pamba iliyopasuka shambani nyuma ya jukwaa ni msimu wa katikati ya mwaka. Cheti kinachosema "Nyashimo, Mkoa wa Mwanza" ni cha kabla ya Simiyu, iliko Nyashimo sasa, kuwa mkoa mwaka 2012. Tarehe iliyo kwenye kona ya video usiiamini peke yake: betri ndogo ya saa ya kamera ikifa, tarehe inarudi mwanzo.

Msisahau daftari la mihtasari ya mikutano ya kijiji, na ofisi ya utamaduni wilayani. Maigizo ya uhamasishaji yaliombewa kibali au posho, na posho huacha karatasi.

Fundi_Deki:
Daftari, nakubali nusu. Mpeni mzee mmoja mazungumzo mafupi bila kanda, kisha nakilini kaseti mbili tatu zilizo safi, mumrudie na spika. Akisikia sauti za wenzake atataja majina ambayo msingeyajua kuyauliza. Sikilizeni na makelele ya nyuma pia: mvumo wa karabai au mngurumo wa jenereta unawaambia kama kijiji kilikuwa na umeme.

Mtumbwi_Mkavu:
Asanteni sana wakuu. Maswali mawili: picha zilizogandia tuzibandueje? Na kuna igizo la ukimwi la miaka ya 90, aliyecheza mgonjwa ameshafariki. Turushe mtandaoni?

Daftari_la_Pembeni:
Picha kwanza ipigeni ikiwa hapohapo kwenye ukurasa, mwanga wa dirisha ukitoka pande mbili, bila flashi. Ndipo mpitishe uzi mwembamba chini yake kama msumeno, polepole, kuanzia kona. Ikikataa, iacheni, nakala mnayo. Nyuma andikeni kwa penseli laini. Kalamu ya wino inachora upande wa mbele.

La ukimwi: msirushe kabla ya kukaa na familia. Vijijini mara nyingi watu walimwita aliyeigiza kwa jina la ugonjwa, na watoto wake huenda bado wanaishi hapo. Wakikubali lionyeshwe kijijini tu, liishie kijijini.

Karabai:
Majina ya mafaili: 1996-06_jina-la-igizo_kaseti03_A (A ni upande wa kaseti). Msipojua mwaka, 199x. Nakala mbili kwenye diski tofauti, ya tatu nje ya kijiji. Flashi ya USB ni ya kubebea tu.

Siku yenyewe tundikeni nakala, za asili zibaki sandukuni. Video ianze saa 1:30 usiku, kabla ya hapo anga bado lina mwanga na shuka nyeupe haitaonyesha kitu. Shuka iwe mbali na maji, na mtundike taa kali ya pili mita 20 hivi pembeni, upande wa ziwa. Wadudu wa ziwani wakikosa taa nyingine wataijaa lenzi ya projekta ndani ya dakika kumi.