Lori la Arizona limeshindwa kipimo cha moshi cha California ilhali taa ya injini imezimika

Mwenye Lori, Phoenix

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninamiliki lori moja la kuvuta trela lililosajiliwa Arizona, lenye injini ya mwaka 2013, na kazi yangu kubwa ni kuchukua mizigo kwenye maghala ya Ontario na Fontana, California, na kuileta Phoenix kwa barabara ya I-10. Dalali wangu amenieleza kwamba hatanipa tena mzigo wa kuingia wala kutoka California mpaka nimwonyeshe cheti cha mpango wa California wa kupima moshi wa malori unaoitwa Clean Truck Check.

Taa ya injini ilikuwa imewaka kwa sababu ya sensa ya NOx, ile gesi chafu ya ekzosi. Gereji moja ilibadilisha sensa hiyo, ikafuta kodi zote, yaani alama za hitilafu, kwenye kompyuta ya gari, taa ikazimika, na alasiri ya siku hiyo hiyo mpimaji alichomeka kifaa chake. Majibu yaliyokuja ni kwamba gari halikufaulu, kwa maelezo kuwa ukaguzi wa ndani haujakamilika. Lori linavuta vizuri, moshi hauonekani, na sensa iliyofungwa ni mpya. Naomba mnisaidie mambo matatu: kwanza, gari linashindwaje wakati halina kodi hata moja, pili, sheria ya California inanihusu vipi mimi ambaye namba zangu ni za Arizona, na tatu, je, ni lazima kila mara nimlipe mtu wa kunipimia, au ninaweza kupima mwenyewe?

Fundi wa Dizeli, Bakersfield

Kaka, nianze na lile la kwanza, kwa kuwa ndilo linalowatesa wengi wanaofika hapa gereji. Lori lako halikushindwa kwa sababu lina kodi. Limeshindwa kwa sababu kodi zimefutwa. Mtu anapofuta kodi kwa mashine, hafuti zile kodi peke yake, bali anafuta pia kumbukumbu zote za ukaguzi ambao kompyuta hujifanyia yenyewe barabarani: ukaguzi wa chujio la masizi, ukaguzi wa mfumo wa urea unaopunguza NOx, ukaguzi wa vali ya kurudisha moshi kwenye injini, pamoja na sensa zinazolinda vyote hivyo. Baada ya kufuta, kila kipengele kinarudi kwenye hali ya "bado". Anayekuja na kifaa cha kupimia anaikuta kompyuta isiyojua chochote kuhusu afya ya gari, na mamlaka ya hewa ya California, yaani CARB, haikubali kutojua kuwa ni ushahidi wa uzima. Kama ingekubali, kila mwenye lori bovu angefuta kodi getini, akapima, akaondoka na cheti.

Sasa kompyuta haijikagui wakati wowote inapopenda. Kila ukaguzi una masharti yake: injini iwe imepata moto kamili, mzigo uwe wa kutosha, mwendo uwe wa kudumu kwa muda, joto la ekzosi lifike kiwango fulani, na baadhi ya ukaguzi huhitaji injini iwe imelala ikapoa kabisa kisha iwashwe upya. Mfumo wa urea haufanyi kazi ipasavyo moshi ukiwa na joto la chini, kwa hiyo gari linalozunguka maghalani siku nzima kwa mwendo wa kusimama na kuondoka linaweza kukaa muda mrefu bila kukamilisha. Chujio la masizi ndilo huchelewa kuliko vyote, kwa sababu mara nyingi kompyuta hungoja mpaka chujio lijichome lenyewe, yaani lichome masizi yaliyojaa ndani yake kwa joto kali, ndipo itoe hukumu. Dereva anayekatiza uchomaji huo kila anapofika getini kwa mteja anajirudisha nyuma bila kujua.

Bahati nzuri njia yako inakufaa. Pakia mzigo halisi, siyo trela tupu, upandishe ule mlima mrefu wa kutoka Indio kuelekea Chiriaco Summit, kisha uendelee kwa mwendo mmoja mpaka Blythe bila kuzima injini njiani. Usiku lizime, lipoe mpaka asubuhi. Ukirudia safari za namna hiyo, vipengele vitaanza kukamilika kimoja kimoja, na mtu yeyote mwenye mashine ya kusoma kompyuta anaweza kukuonyesha ni kipi kimebaki kabla hujalipia kipimo rasmi. Hilo la kusoma kwanza ndilo gereji yako ilipaswa kulifanya. Kubadilisha sensa, kufuta kodi na kumpeleka mteja kwenye kipimo siku hiyo hiyo ni kumpotezea fedha.

Jambo moja zaidi. Injini hizi zina kodi za kudumu ambazo hakuna mashine inayozifuta. Kodi ya aina hiyo huondolewa na kompyuta yenyewe, baada ya kufanya ukaguzi wake na kuridhika kwamba tatizo limekwisha. Kwa hiyo, kama sensa mpya ya NOx haikuwa chanzo halisi, mathalani kama urea iliyomo tangini imechanganywa na maji na haina tena kiwango chake cha asilimia 32.5, utaona taa inarudi kabla hata ukaguzi haujakamilika. Pima urea kwa kile kipimo kidogo cha kioo kabla ya kununua sensa nyingine. Bei ya sensa unaijua.

Msimamizi wa Safari, Sacramento

Naongezea upande wa sheria, maana ofisini kwetu ninaandaa vyeti vya magari ya majimbo mbalimbali.

Mpango huu unatokana na sheria ya jimbo iliyopitishwa mwaka 2019, na CARB ikaidhinisha kanuni zake mwezi Desemba 2021. Unagusa karibu kila gari lisilotumia petroli lenye uzito wa juu uliowekwa na mtengenezaji (GVWR) unaozidi pauni 14,000 linalotembea ndani ya California, bila kujali limesajiliwa wapi. Hata lori la Mexico au Kanada linahusika likivuka mpaka. Sababu wanayoitoa ni kwamba magari makubwa ni takriban asilimia 3 tu ya magari yaliyoko barabarani California, lakini yanatoa zaidi ya nusu ya NOx na masizi ya dizeli yanayotokana na vyombo vya usafiri. Ukikaa bonde la San Joaquin, lenye hewa chafu, mwezi mmoja wa kiangazi hutahitaji kushawishiwa.

Kwa mwenye lori hatua ni hizi: kulisajili gari kwenye mfumo wa mtandaoni wa CARB, kulipa ada ya mwaka ambayo ilianza kwa dola 30 kwa kila gari na hurekebishwa kufuatana na mfumuko wa bei, kisha kuwasilisha kipimo kilichofaulu mara mbili kwa mwaka. Injini zenye kompyuta ya kujikagua, kama yako, zitaanza kupimwa mara nne kwa mwaka kuanzia Oktoba 2027. Gari la California hufuata tarehe ya usajili wake. Gari la nje hufuata tarakimu ya mwisho ya namba ya chasisi, yaani VIN. Ingia kwenye akaunti yako usome tarehe zako mwenyewe, usichukue za rafiki hata kama malori yenu mlinunua siku moja.

Linalopuuzwa sana ni kwamba kipimo kinapokelewa hadi siku 90 kabla ya tarehe ya mwisho. Kwa gari linalosubiri ukaguzi wa ndani ukamilike, siku hizo ndizo zinazokuokoa. Anayesubiri wiki ya mwisho akakuta "bado" hana pa kukimbilia, isipokuwa kibali cha siku tano mfululizo ambacho gari hupewa mara moja tu kwa mwaka, na ambacho huombwa kabla ya safari.

Kuhusu kupima mwenyewe, ndiyo, unaruhusiwa. CARB inatoa mafunzo ya bure mtandaoni, unafanya mtihani, ukifaulu unakuwa mpimaji aliyeidhinishwa kwa miaka miwili. Unachohitaji zaidi ni kifaa kilichothibitishwa na CARB, maana kifaa cha kawaida cha fundi hakiwezi kupeleka matokeo kwenye mfumo wao. Kipimo chenyewe kinaweza kufanyikia popote, hata uani kwako Phoenix. Kwa mwenye lori moja nashauri ulinganishe kwanza gharama ya kifaa na malipo ya mpimaji; kwa mwenye malori kadhaa, hesabu huwa nyepesi, na wengi hufunga kifaa cha kudumu kinachotuma taarifa chenyewe gari likiwa safarini.

Dalali wako yuko sahihi. Kanuni zinamtaka anayekodi malori ya mizigo kuhakikisha yametimiza masharti, hivyo usidhani anakunyanyasa.

Dereva wa Columbus

Mimi nina swali linalofanana. Binamu yangu ana lori la mwaka 2013, aliambiwa lipimwe kwa kompyuta, lakini mpimaji alipofika akakataa na kusema gari hilo linapimwa moshi kwa njia ya kukanyaga mafuta. Nani anasema kweli?

Fundi wa Dizeli, Bakersfield

Mpimaji, kwa uwezekano mkubwa. Kinachoangaliwa ni mwaka wa injini, siyo mwaka wa lori, na malori mengi yaliyouzwa kama ya 2013 yalifungwa injini ya 2012. Mwambie binamu yako afungue boneti atafute kibandiko cha udhibiti wa moshi, ambacho kwa kawaida hubandikwa juu ya kifuniko cha vali. Pale pameandikwa mwaka wa injini, pamoja na jina la familia ya injini lenye herufi na tarakimu 12; herufi ya kwanza ya jina hilo ndiyo mwaka, ambapo C ni 2012, D ni 2013 na E ni 2014. Kama kibandiko kimeliwa na mafuta hakisomeki, aagize kingine kwa mtengenezaji wa injini mapema, kwa sababu mpimaji anakihitaji.

Dizeli za 2013 na kuendelea hupimwa kwa kompyuta. Za nyuma yake hupimwa giza la moshi na kukaguliwa kwa macho iwapo vifaa vyote vya kudhibiti moshi vipo na havijachezewa. Kipimo cha moshi hufanyika gari likiwa limesimama na gia iko frii, injini ina moto: dereva anakanyaga mafuta kwa ghafla mpaka mwisho, injini inapanda hadi kikomo chake, anaachia, inashuka. Mikanyago ya mwanzo ni ya kusafisha bomba, kisha mitatu inayofuata ndiyo inayohesabiwa kwa wastani. Injini yenye chujio la masizi haipaswi kuvuka asilimia 5 ya giza la moshi, na kiwango hicho ni kidogo mno hata jicho haliwezi kukiona, kwa hiyo yale maneno ya "lori langu halitoi moshi" hayatoshi. Chujio likiwa na ufa, ndani ya bomba la nje utakuta masizi meusi yanayoshika kidoleni; likiwa zima, bomba huwa safi kama sufuria iliyosuguliwa.

Mzee wa I-80

Vijana, mnajisumbua bure. Serikali ya shirikisho imeshaikataa sheria hiyo kwa magari ya nje ya California. Na kwa wanaosumbuliwa na chujio, yapo mafundi wanaolitoa na kuibadilisha programu ya kompyuta, gari linakuwa jepesi na taa haiwaki tena.

Msimamizi wa Safari, Sacramento

Mzee wangu, shikamoo. Unachokizungumzia ni hatua ya EPA, mamlaka ya mazingira ya shirikisho, iliyopendekezwa Agosti 2025, ya kutokubali sehemu ya mpango huo inayohusu magari yaliyosajiliwa nje ya jimbo. Lakini EPA hapo ilikuwa inaamua kama kanuni hiyo iingie kwenye mpango wa hewa wa jimbo unaotambuliwa chini ya Sheria ya Hewa Safi ya shirikisho. Kanuni yenyewe ni ya jimbo, na kuondolewa kwenye mpango huo hakuifuti ndani ya California. Askari anayekusimamisha Fontana, na dalali anayekuomba cheti, hawaongozwi na habari za redioni.

La kutoa chujio halina hata mjadala. Sheria ya Hewa Safi ni ya nchi nzima, inakataza kuondoa au kuzima vifaa vya kudhibiti moshi na inakataza pia kuuza vifaa vya kufanya hivyo, iwe Arizona, Ohio au Texas. Mafundi na wauzaji wa programu hizo wameshitakiwa. Nyumbani Afrika Mashariki wapo wanaolikata chujio na maisha yanaendelea, ila hapa lori hilo utashindwa hata kuliuza.

Mwenye Lori, Phoenix

Nawashukuru sana, wazee na ndugu. Nimesomewa kompyuta leo: mfumo wa urea umekamilika, chujio bado, na hakuna kodi iliyorudi. Urea imepimwa iko sawa. Tarehe yangu bado iko mbali kidogo kwa mujibu wa akaunti. Swali la mwisho: je, nikipita California na mzigo kabla chujio halijakamilika, zile mashine za CARB zinazopima moshi barabarani zitanikamata?

Fundi wa Dizeli, Bakersfield

Zile mashine hazisomi kompyuta yako. Zinavuta moshi wako unapopita, zinaupima na kusoma namba ya gari, basi. Kama sensa uliyofunga ndiyo iliyokuwa mbovu na mfumo wa urea umeshakamilika, NOx yako iko chini na hazina la kukuona. Zikikutilia shaka, barua hutumwa kwa mwenye gari, na hapo unapewa siku 30 za kuwasilisha kipimo kilichofaulu, hata kama ulipima na kufaulu mwezi uliopita. Kwa hiyo hakikisha anwani iliyo kwenye akaunti yako ndiyo unayoifungulia barua. Na safari hii, ukiona taa ya uchomaji wa chujio imewaka ukiwa unakaribia Blythe, usiingie kituoni kula. Endelea kuendesha mpaka izimike.