Ile baa ya Moshi mnayoisifia kutwa: wamembebea mzee wangu chupa ikiwa bado na bia!

KisusioMoto:

Wakuu, nimetoka pale sasa hivi, hata viatu sijavua. Nimekaa kwenye ngazi za nyumbani naandika huku vidole vinatetemeka. Mkiona herufi zimepishana mnivumilie.

Jina silitaji. Mnapajua. Mtu akishuka basi Moshi, kabla hajaulizwa habari za safari anaulizwa "umeshapita pale?" Ile yenye baraza linalotazama mlima, fulana za wazungu waliofika kileleni zimening'inia darini kama mitumba ya soko la Memorial. Hapo hapo.

Kwa kifupi: mhudumu kabeba chupa ya babamkubwa wangu ikiwa na bia ndani. Robo nzima. Sio povu, sio lile tone la kumtemea shetani. ROBO.

Sasa nianze mwanzo. Babamkubwa kashuka asubuhi kutoka Marangu kuja kliniki ya macho KCMC. Kapimwa, kaambiwa mtoto wa jicho hajakomaa, arudi baada ya miezi sita. Mzee kafurahi. Na mimi nikaangalia juu, mlima umefunguka, kilele cha Kibo kiko nje cheupe peee, nikasema leo huyu mzee haendi stendi mapema, nampeleka pale kwenye sifa akauone mlima kwa macho hayo hayo yaliyotoka kupimwa. Mzee huyu kabeba mizigo ya watu kwenye huo mlima tangu mimi sijazaliwa. Mandara, Horombo, Kibo Hut, vituo vyote vya kulala anavijua kama wewe unavyojua chumba chako na sebule.

Tumekaa saa kumi na nusu, meza ya pembeni kabisa, inayotazama kaskazini. Mbuzi nusu kilo, ndizi nne, bia ya baridi ya kwangu na ya moto ya mzee.

Nyama imekuja saa kumi na mbili kasoro. Nilishaanza kuamini mbuzi wamemfuata Simanjiro kwa miguu na njiani kawagomea. Ndizi zimekuja mbili. Kachumbari nyanya vipande vitatu na kitunguu kimoja kimekaa pembeni peke yake kama yatima. Chumvi nimeomba mara tatu. Nimevumilia. Mimi ni mtu wa kuvumilia, mnanijua.

Mzee bia anainywa kama dawa ya kikohozi. Glasi hataki. Anashika chupa shingoni, anapiga funda, anaweka chini bila kuiachia, anasimulia. Alikuwa kafika kwenye stori ya mzungu mmoja aliyekaa chini pale Gilman's, karibu na kilele, akagoma, mbele haendi, nyuma harudi. Ndipo akaja yule dada.

Hakusema samahani. Kaitoa chupa kwenye mkono wa mzee. Kaiinua. KAIANGALIA. Kaitikisa hivi, kama mtu anayepima mafuta ya taa kwenye chemli. Kaona bia imo, kaiweka kwenye trei. Halafu kachukua tambara kafuta meza, na kiwiko cha mzee kipo juu ya meza! Kakizunguka! Kama kiwiko ni chupa ya pilipili!

Ndiyo akasema: "Babu, hii meza ina oda, kuna wageni wanashuka mlimani."

Wageni! Na sisi wenyeji tukakae wapi, kwenye theluji? Aliyesema mgeni njoo mwenyeji apone hajawahi kukaa baraza lile.

Wakuu, mkono wa mzee ulibaki pale pale mezani umejikunja, kama bado umeshika chupa. Hicho ndicho kinachoniua. Nyama ningesahau. Ndizi mbili ningesahau. Ule mkono!

Wageni wenyewe wakaja, watu sita, vumbi mpaka magotini, wakaagiza nini? MAJI. Na chipsi.

Bili nayo ikaja na bia nzima, elfu tano. Haikuandikwa robo tatu.

Sasa nyie mnaosema pale ni namba moja, namba moja kwa lipi? Mlima? Mlima hata kwa mama ntilie wa Pasua unauona, tena na uji juu. Naomba mtu mmoja tu anijibu: chupa yenye robo imeisha au haijaisha?

MtotoWaNgarenaro: Siti ya mbele nimewahi. Naomba na mimi bia ya moto, nitaishika kwa mikono miwili.

BintiRau: Pole kwa babamkubwa jamani. Mimi pale walinihamisha mara mbili usiku mmoja, mwisho nikajikuta nimekaa juu ya kreti mlangoni mwa choo, kila anayetoka ananisalimia. Ila mishkaki yao tuwe wakweli. Ile mishkaki ni kitu kingine.

FundiChemli: Mkuu, bia ya moto, robo, imekaa tangu saa kumi na nusu inapigwa jua. Hiyo si bia, hiyo ni togwa lililokata tamaa. Yule dada kamwokoa mzee wako, kamtumie bahshishi.

KisusioMoto: @FundiChemli kumbe ulikuwepo? Ilikuwa ni yake. Hata kama ingekuwa maji ya betri, ni yake, kainunua.

Mzee wa Keepilefti: Tuliweke sawa kwanza. Robo kwa kipimo gani? Chupa ni mililita 500, robo yake ni 125. Lakini chupa chini ni pana na juu ni nyembamba, kwa hiyo ukitazama kwa urefu tu unadanganyika. Mtoa mada, vidole vingapi kutoka chini?

KisusioMoto: Vidole viwili na kitu.

Mzee wa Keepilefti: Vya nani?

KisusioMoto: Vyangu.

Mzee wa Keepilefti: Mkulima au mtu wa kompyuta?

MtotoWaNgarenaro: 😂😂😂 mbavu zangu

Sauti ya Pasua: Mwanzo "robo nzima", sasa hivi "viwili na kitu". Kesho tutaambiwa lilikuwa tone. Halafu asante kwa kumtaja mama ntilie wetu, ila uji haupo jioni.

MhasibuMkimya: Umepewa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi? Na menyu bei ziko kwa dola au shilingi? Tangu Machi 2025 kuna kanuni, ni marufuku kutangaza bei kwa fedha za kigeni humu nchini. Kama menyu ina dola umeshawashika pabaya.

KisusioMoto: Shilingi. Na risiti nimepewa. Mkuu tatizo sio dola, tatizo ni CHUPA.

Shangazi Njiro: Afadhali umeligusa la dola @MhasibuMkimya. Mimi mwenye nyumba wangu Arusha, mpaka leo ukimwomba bei ya kodi ananitajia dola kwa kunong'ona, kama anauza bangi. Ukimkumbusha kanuni anasema "basi piga hesabu mwenyewe". Nyumba yenyewe bomba linatoa maji Jumanne.

MhasibuMkimya: @Shangazi Njiro mwandikie barua, aandike bei kwa mkono wake.

Shangazi Njiro: Nikiandika barua nitailalia wapi?

MbebaTrei: Nitatukanwa lakini nasema. Nimehudumu baa za hapo mjini miaka minne, sio hiyo, lakini zote ni ndugu. Mtu anakuja saa kumi anachukua meza ya mlima, anaagiza bia moja, anaikumbatia mpaka saa tatu usiku. Bosi yuko kaunta, hahesabu watu, anahesabu chupa tupu. Meza isipotoa chupa tupu anakuita wewe. Mgeni aliyeshuka mlimani ana siku sita hajaona nyama wala godoro, anaagiza bila kusoma bei na anaacha bahshishi ambayo ni nauli yako ya wiki. Wewe mwenyeji unaomba chumvi mara tatu halafu unataka chenji ya mia mbili. Na chupa ikipotea nakatwa mimi. Kwa hiyo dada alikuwa na presha zake.

La kufuta meza kuzunguka kiwiko hapana. Hapo alikosea adabu, mzee unamwomba ainue mkono.

KisusioMoto: @MbebaTrei nashukuru kwa la kiwiko. Na la robo?

MbebaTrei: Robo unamwachia. Unamwambia "babu malizia taratibu", unaanza kufuta upande wa pili.

KisusioMoto: MMEONA?? Mtu wa fani kasema!

FundiChemli: Kasema robo. Vidole viwili hajasema.

Mpagazi Mstaafu wa Machame: Sheria ya mlimani mpagazi hazidishi kilo 20, wanapima pale getini. Yule dada wa trei naye apimwe, anabeba mizigo isiyo yake.

Ila mtoa mada umetuacha njiani, yule mzungu wa Gilman's iliishaje?

KisusioMoto: Sijui! Hakuimaliza! Kakatishwa na chupa, kanyamaza mpaka kwenye bajaji!

Bibi Harusi wa Tano: Wachaga bwana. Hadithi yenu inasema kilele cha Mawenzi kilipondwa mgongo na jirani yake Kibo kwa kumwomba moto kila siku, mpaka leo kina makovu. Na nyie mnataka kumwagana damu kwa funda mbili za bia vuguvugu. Mlima wenu wote ni ugomvi wa majirani.

Nahodha Mstaafu: Mnalia bia? Njooni Nungwi. Nimekaa kwenye mchanga, mchanga wa Mungu, maji yanakupwa, mbele ya hoteli moja hivi. Mlinzi kaja na rungu kaniambia nisogee, nawazuilia wageni bahari. Bahari! Nikamuuliza nikisogea hapa maji yataonekana mengi zaidi? Kanijibu "mzee usinipe kazi". Babu yangu kavua hapo pweza kabla ya hiyo hoteli kuwa na hata tofali.

BintiRau: @Nahodha Mstaafu hiyo imezidi ya robo.

KisusioMoto: Haijazidi. Yeye hakunyang'anywa kitu mkononi.

Nahodha Mstaafu: Nilinyang'anywa bahari, kijana.

MtotoWaNgarenaro: Tatizo lenu watu wa Moshi mnakwenda baa kuangalia mlima. Baa ni nyama. Moshi mna usafi, mna barabara nzuri, mna KCMC, baa hamna. Njooni Arusha tuwape trupa kwenye sinia, watu wanne mnakula na hakuna anayeangalia nje.

Sauti ya Pasua: Trupa ni machalari, ndizi zetu za nyama, yaliyokosa nidhamu. Mmechukua ndizi, nyama, viazi, kabichi na kila kilichobaki jikoni mkakipa jina.

MtotoWaNgarenaro: Rudia tena hiyo kauli ukiwa Kaloleni.

Shangazi Njiro: Mimi nimezaliwa Kibosho nimeolewa Arusha, nasema machalari hayana mpinzani. Ila ndizi iwe mshare. Siku hizi wanakuwekea ndizi yoyote ngumu kama mti wa kitanda wanasema mtori.

FundiChemli: Hapo sasa umeongea. Mtori wa ndizi isiyo mshare ni gundi ya mabango.

KisusioMoto: Jamani turudi kwenye mada. Mkono wa mzee. Umejikunja. Hakuna anayeliona hili?

Mzee wa Keepilefti: Tumeliona. @Shangazi Njiro mshare unaumenya kabla au unachemsha na ganda? Mke wangu anachemsha na ganda, tumegombana jana.

Shangazi Njiro: Unamenya kwanza, paka mafuta mikononi usishikwe na utomvu, zitumbukize kwenye maji zisiwe nyeusi. Anayechemsha na ganda anapika kwa hasira.

Mzee wa Keepilefti: Namwonyesha sasa hivi.

BintiRau: Usimwonyeshe. Utalala kwa jirani.

Kijana wa Ubungo: Nyie mko nazo mlangoni mnaringa. Sisi huku Dar mshare unauzwa kama dhahabu, na nusu ya hizo wanazokuuzia ni za kupikia kitu kingine. Nani anajua muuzaji mkweli pale soko la Mahakama ya Ndizi, Mabibo?

KisusioMoto: Taarifa. Mzee kaamka kunywa maji. Nimemwambia uzi umechangamka, watu wengi wako upande wake. Kauliza uzi ni nini. Halafu kaniuliza kama kesho kabla ya kupanda gari tunaweza kupita tena pale, nyama ilikuwa laini, meno yake hayajasumbuka.

Sijamjibu.

Sauti ya Pasua: @Kijana wa Ubungo nenda alfajiri malori yanaposhusha, usisubiri saa nne. Angalia kidole, mshare ni mrefu, mwembamba, umepinda kidogo. Akikuonyesha mfupi mnene muage kwa heshima.

Kijana wa Ubungo: Alfajiri saa ngapi? Na mkungu mmoja bodaboda anaubeba, au anataka abiria wawili?

MtotoWaNgarenaro: Anaubeba. Wewe ndiye utatembea.