Mrejesho: joto la maji kwenye Subaru WRX

Wakuu, niliuliza kama nyuzi 97 ni hatari, maana kifaa cha kusoma kompyuta ya gari kilikuwa kinafika hapo kwenye foleni ya Mwenge huku mshale wa dashibodi umetulia. Fundi kamaliza ubishi: gari ni zima.

Themostati, ile vali inayoruhusu maji ya injini kwenda kwenye rejeta, huanza kufunguka karibu nyuzi 78, kwa hiyo kwenye mwendo, upepo ukipiga rejeta, nasoma 85 hadi 90. Ukisimama, joto linapanda mpaka feni ziwake. Nililiacha linguruma nikakodoa macho: 97, feni zikavuma, 95, 93, 91, zikazima. Mshale haukutikisika hata kidogo! Magari mengi ya sasa mshale umetengenezwa usicheze ndani ya joto la kawaida. Ukianza kupanda, mambo yameshaharibika.

Aliyesema 100 maji yanachemka, hapana. Kulanti, dawa ya kupozea injini, ikichanganywa na maji nusu kwa nusu, chini ya presha ya mfuniko wa rejeta usio na hitilafu, huvuka 120 kwanza. Mfuniko wangu mpira wake ulishapasuka, nimeubadilisha. Themostati haitoki ng'o, na wale mlionishauri "itoe kabisa" mnisamehe: injini isiyopata joto lake inakula mafuta bure.