Mjadala: Dereva bodaboda wa mkataba ana ajira au hana?

Mleta mada, Mbeya mjini

Wakuu, habari za jioni. Kila bajeti ikisomwa tunagombana: huku vijana hawana kazi, kule kazi zipo ila vijana wanachagua. Mimi naona pande zote mbili zinakwepa jambo. Hapa Mbeya kijana wa kukaa bure kutwa nzima ni yule ambaye kwao wana uwezo. Wengine wanahangaika kuanzia alfajiri, ila ukiuliza mwajiri wao ni nani, hakuna anayenyoosha mkono.

Tuanze na kipimo. Kwa Shirika la Kazi Duniani (ILO), ukifanya kazi ya kipato hata saa 1 tu katika siku 7 zilizopita, una ajira. Ofisi yetu ya Taifa ya Takwimu ina pia tafsiri ya kitaifa, pana zaidi, ambayo mtu wa vibarua vya kuungaunga visivyo na uhakika anaweza kuhesabiwa hana ajira. Ndiyo maana utafiti mmoja wa nguvukazi unatoa viwango viwili vya ukosefu wa ajira, na kila mwanasiasa anachomoa kinachomfaa. Bado umri: kijana wa takwimu za kimataifa ni miaka 15 hadi 24, wa kwetu ni 15 hadi 35. Aliyemaliza chuo akiwa na 25 kule kashazeeka.

Sasa njoo kijiweni Kabwe. Kijana ana pikipiki ya mkataba: ni ya tajiri, anampelekea hesabu ya kila siku, mkataba ukiisha ndiyo inakuwa yake. Tuchukue hesabu ya elfu kumi kwa siku, siku sita, Jumapili yake. Kwa mwaka anampelekea tajiri shilingi 3,120,000. Mafuta juu yake, tairi juu yake, faini juu yake. Akiumwa, anamwachia deiwaka, dereva wa kumshikia kwa siku, ili hesabu isikatike. Kwenye dodoso huyu anaandikwa "amejiajiri". Kajiajiri vipi na chombo si chake na hesabu kapangiwa? Au nenda Uyole kwenye viazi: mpakiaji anabeba lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, analipwa bei ya gunia.

Utafiti mzuri wa kijamii haukuishia kuuliza una kazi au huna. Mwaka 1933 watafiti Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walichapisha utafiti wao wa Marienthal, kijiji cha Austria ambacho kiwanda chake cha nguo kilikuwa kimefungwa. Walichungulia watu wanakula nini, wanaazima vitabu vingapi maktaba, wakapima hadi mwendo: wanaume waliokosa kazi walikuwa wakitembea polepole, wanasimama njiani mara kwa mara. Muda ulikuwa umewapotea mikononi. Kwetu ni kinyume. Huyu wa Kabwe anakimbia mpaka usiku. Ujumbe wa ILO uliokwenda Kenya mwaka 1972 uliliona hilo mapema: shida kubwa ilikuwa watu wanaofanya kazi na bado ni maskini. Miaka zaidi ya hamsini baadaye bado tunabishana nani yuko kijiweni na nani hayupo.

Hoja yangu: bodaboda wa mkataba, deiwaka, kuli na mwalimu wa kujitolea wasirundikwe kwenye "ana ajira". Wahesabiwe peke yao, na swali la kwanza liwe hasara ikitokea inamwangukia nani.

Mchangiaji, Uyole

Mkuu, naomba kutofautiana. Mimi nina pikipiki mbili barabarani, ndiye huyo "tajiri" wako. Mtaji ni wangu. Kijana akitoroka na chombo nalia mwenyewe, wewe na Jahoda wako hamtakuwepo. Nawajua vijana waliomaliza mkataba, wakachukua kadi, leo wana cha kwao na wamejenga. Mkiwaandika hawana ajira mnawasaidia nini? Kijana anayejiona ana kazi anaamka. Na halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kati ya hizo ni za mikopo ya vijana. Waunde vikundi.

Mchangiaji, Rungwe

Vijana wavivu tu. Ardhi ipo, walime.

Mleta mada

Mzee wangu, ardhi ipo kwa nani? Shamba la babu liligawiwa wana watano, nao wana watoto. Halafu hata kwenye kilimo kipimo kina mtego: tangu 2013 vigezo vya kimataifa havihesabu kilimo cha chakula cha nyumbani kuwa ajira. Kwa hiyo mjukuu wako akilima ndizi za kula nyumbani hana ajira, akipanda parachichi za kuuza anayo. Jembe ni lile lile.

Mchangiaji, Mafinga

Kamwene wote. Kaka zangu, mnaongea kama vijana wote ni wanaume wenye leseni. Huku Mufindi dada anachuma chai kwa kilo. Majani yakiwa mengi anakula, msimu ukiwa mkavu anatazamana na kuta. Nilipata kufanya kazi shamba moja, silitaji. Mkataba wetu ulikuwa unakatwa kabla ya miezi sita, tunapumzishwa, tunaitwa tena. Baadaye ndiyo nikajua sababu: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimlindi dhidi ya kuachishwa isivyo halali mtu ambaye hajafikisha miezi sita. Kila tukirudi tunaanza sifuri.

Na wale wasichana wanaochukuliwa vijijini Iringa kwenda kufanya kazi za ndani Dar? Akiondoka, kwetu anahesabika kapungua kwenye wasio na kazi. Kule anaingia kwenye wenye ajira, hata kama mshahara anapokea shangazi. Takwimu zinapendeza pande zote mbili! Mleta mada, kwenye orodha yako hukumweka hata mmoja wa hawa.

Mchangiaji, Mwanjelwa

Mimi ni deiwaka, nina diploma ya ugavi, na sihitaji mtu aniite mnyonge. Tajiri wa Uyole ana haki yake, kweli wapo waliotoka. Lakini hiyo mikopo ya asilimia 4 inataka kikundi, na kikundi kinataka watu waliotulia sehemu moja. Mimi leo nipo Mwanjelwa, kesho nikisikia mzigo Tunduma naenda. Nikutane na wenzangu lini tuandike katiba?

Ila nina swali moja kwa wa Uyole. Siku pikipiki ipo gereji, hesabu inaendelea au inasimama?

Mchangiaji, Uyole

Inaendelea. Ila kama kosa si la dereva namsamehe nusu. Mimi si mnyama.

Mchangiaji, Mwanjelwa

Sawa mkuu. Na anayeamua kosa ni la nani, ni nani?