Buzzz, Hex, Mako3, Roc: namba za midrenji zipangwe na chombo kimoja?

Tarakimu
Wakuu, hebu tulijadili hili kwa kina. Nimeziweka pamoja midrenji nne, yaani diski za masafa ya kati za gofu ya diski. Buzzz ya Discraft imeandikwa 5/4/-1/1. Hex ya Axiom 5/5/-1/1. Mako3 ya Innova 5/5/0/0. Roc, ya Innova pia, 4/4/0/3. Kasi, mweleo (kukaa hewani), mgeuko (inavyoinama mwanzoni ikiwa na kasi), mkato (inavyorudi upande wa pili kasi ikipungua), kwa mpangilio huo.

Kwa maandishi, Buzzz na Hex ni pacha waliopishana mweleo tu. Mkononi ni habari nyingine. Buzzz inashika mwinamo ulioipa na kushuka nao. Hex inakaa hewani, na ukiiinamisha kulia inachelewa sana kurudi. Sasa namba zile zimetuambia nini?

Kila mtengenezaji anajipangia zake. PDGA, chama kinachosimamia mchezo huu, inapoidhinisha diski inaangalia kipenyo, uzito, vipimo vya ukingo na ulaini wa plastiki. Diski inarukaje, haiwahusu. Zamani Discraft walikuwa na namba moja tu ya ukaidi (diski inavyogoma kugeuka), na Buzzz ilikuwa 0.5. Baadaye wakafuata mtindo wa namba nne kama wengine, kila mmoja na rula yake.

Hoja yangu: PDGA wachukue kazi hiyo. Mashine moja, kasi moja, mzunguko mmoja, namba moja kwa wote. Mnasemaje?

(Na Mako3 nimeiweka kwa ukamilifu tu. Kwangu hiyo ni diski ya mtu aliyekata tamaa ya kujifunza kuinamisha.)

BintiUpepo
> diski ya mtu aliyekata tamaa ya kujifunza kuinamisha

Kaka Tarakimu, hapo umenigusa na nitakujibu. Nabeba Mako3 mbili na kuinamisha najua. Diski yenye 0/0 haina kisingizio. Ukiiachia imeinama kushoto, inakwenda kushoto mpaka chini. Ukiiachia imeinama kulia, inakwenda kulia mpaka chini. Haikuokoi mwishoni kama Roc, ambayo hata ukikosea itakata irudi ulikotaka kwenda. Kati ya hizo mbili, ipi inamdekeza mrushaji?

MzeeWaRoc
Binti, taratibu na Roc. Diski hiyo ipo tangu 1987. Ken Climo ana mataji 12 ya dunia na jina lake liliwekwa kwenye Roc za plastiki ya KC Pro. Huyo naye alidekezwa?

Mnaongelea diski nne wakati Roc peke yake inatosha. Chukua za plastiki ya DX. Ile mpya ni kaidi, inakabili upepo wa mbele. Ile iliyogonga miti msimu mzima imenyooka. Ile ya zamani zaidi, iliyojaa makovu, inageuka kulia na kubaki huko. Ukingo uleule, ushanga uleule (lile tuta dogo la chini ya ukingo) chini ya vidole, mkono haubabaiki. Hapo namba ya mashine itasaidia nini? Mashine itapima ile mpya tu.

KushotoDaima
Nimesoma mabandiko matatu na tayari nimechoka. "Inageuka kulia." "Kulia mpaka chini." Kulia kwa nani? Mimi natumia mkono wa kushoto. Roc yangu inakata kulia. Hex yangu inageuka kushoto. Namba zote zimeandikwa kwa mtu wa mkono wa kulia anayerusha bekihendi (mkono ukianzia upande wa pili wa kifua), na nyinyi mnaongea kana kwamba ndiye mtu pekee duniani. Ukitaka chombo kimoja kipange namba, kianze na hilo.

Tarakimu
Mkuu KushotoDaima, namba yenyewe haisemi kulia wala kushoto. -1 ni kugeuka upande ule diski inakozungukia. Wa kushoto anaigeuza tu kichwani.

KushotoDaima
> anaigeuza tu kichwani

Kwa nini nigeuze mimi? Kila mchoro wa njia za diski, kila maelezo, kila shimo linaloelezwa kuwa "zuri kwa midrenji", nageuza mimi. Wewe umewahi kugeuza nini?

Mchapa_Minyororo
Nyie mnabishana mikono, mie nawakumbusha kazi ya midrenji. James Conrad, mashindano ya dunia ya 2021 pale Ogden, Utah, shimo la 18. Anamfuata Paul McBeth kwa pigo moja. Yupo zaidi ya mita 70 kutoka kwenye kikapu, analazimika kuingiza, na anaingiza kwa midrenji. Wakaenda kwenye mashimo ya ziada akachukua taji. Mashine gani ingepima hilo?

BintiUpepo
Haikuwa midrenji. Ilikuwa Envy, na Envy ni puta, diski ya kumalizia kikapuni.

Mchapa_Minyororo
Puta inayorushwa mita 70 inafanya kazi ya midrenji. Kazi ndiyo inayoipa diski jina, si kabati ilimotolewa.

BintiUpepo
Basi na draiva, diski ya masafa marefu, ikirushwa mita 70 tuiite midrenji? Envy ni kasi 3. Mada ni midrenji na jamaa kazitaja kwa majina.

MzeeWaRoc
Hapa nipo na Mchapa. Roc ni kasi 4, iko karibu na hiyo puta kuliko ilivyo karibu na draiva. Mipaka hii imechorwa na wauzaji.

Pua_Chini
Tarakimu, narudi kwenye bandiko lako la kwanza maana limeachwa lifie njiani. Kabla ya kulaumu namba, angalia pua ya diski inapotoka mkononi.

Kitu kinachozunguka kikisukumwa hakiinami pale kiliposukumwa; nguvu inajitokeza robo mzunguko mbele. Diski ikiwa na kasi na ikikata hewa bapa, hewa inaelekea kuibonyeza pua chini, na matokeo yake ni mwinamo wa upande ule inakozungukia. Huo ndio mgeuko. Kasi ikipungua diski inaanza kuzama, hewa inaipiga tumboni, kitovu cha msukumo kinasogea mbele na pua inasukumwa juu. Mwinamo unahamia upande wa pili. Huo ndio mkato.

Sasa ukiachia diski pua ikiwa juu, hatua ya kwanza umeiruka. Unaanzia kwenye mkato. Buzzz itakata kama Roc, Hex itakata kama Buzzz, halafu unasema namba ni uongo. Nimeona wengi wanaolalamikia namba, na karibu wote wanarusha pua juu.

Tarakimu
> karibu wote wanarusha pua juu

Mkuu, hujawahi kuniona nikirusha. Unanipima kwa maandishi? Nimesema Hex inachelewa kurudi kutoka kulia. Mtu wa pua juu ataona Hex ikichelewa kurudi kutoka kulia? Kwa maelezo yako mwenyewe hataona kabisa. Soma kwanza.

Pua_Chini
Nimesoma. Kwa Hex, hoja yako inasimama. Ila hujaeleza kwa nini Buzzz yako "inashuka nao". Inaweza kuwa toleo lenyewe. Buzzz mbili za plastiki tofauti hazitoki sawa: moja ina kuba, nyingine bapa, na mstari wa maungio kwenye ukingo unakaa juu kidogo au chini kidogo. Mstari ukiwa juu, diski inakuwa kaidi zaidi. Bapa inakata hewa na kushuka, yenye kuba inaelea. Hapo mashine yako moja itapima toleo lipi? Itachapa namba, na kundi litakalotoka kiwandani baadaye litaikana.

Tarakimu
Basi zipimwe kwa toleo. Uzito unaandikwa kwa kila diski moja moja, na hakuna anayelalamika kwamba ni kazi nyingi.

Mchapa_Minyororo
Uzito si kitu. Midrenji zote mwisho wake gramu 180, sheria.

Pua_Chini
Sheria haisemi 180. Inasema gramu 8.3 kwa kila sentimita ya kipenyo, na hakuna diski inayoruhusiwa kuzidi 200. Buzzz ina kipenyo cha sentimita 21.7, zidisha, unapata 180. Diski yenye kipenyo kidogo inaishia chini ya hapo. Na uzito ni kitu. Buzzz ya 180 na Buzzz ya 160 kwenye upepo wa mbele hazifanani hata kidogo. Upepo huo unaongeza kasi ya hewa juu ya diski, kwa hiyo mgeuko unakua, na nyepesi ndiyo inayopinduka kwanza.

KushotoDaima
Bado nasubiri jibu langu. Umewahi kugeuza nini, Tarakimu?

Fohendi_Tu
Nimtetee wa kushoto, ingawa kwa sababu yangu. Mimi wa kulia, narusha fohendi (mkono ukitokea upande wake uleule). Diski inazunguka kinyume, kwa hiyo nami nageuza kila kitu, na juu ya hapo fohendi yangu ina mzunguko mdogo na inatoka ikitikisika. Diski inayotikisika inageuka zaidi ya namba yake. Hex kwangu haina 5/5/-1/1, inapinduka na kukimbia. Mako3 vilevile. Roc3, 5/4/0/3, ndiyo inanitii, na Gator, 5/2/0/3, ndiyo naiamini kwenye upepo. Mashine inayorusha bila mtikisiko itaniandikia namba za mtu mwingine.

BintiUpepo
Mtikisiko ni kasoro ya mrushaji. Diski haihusiki.

Fohendi_Tu
Dada, na pua juu ni kasoro ya mrushaji, na mkono mzito vilevile. Ukiondoa kasoro za warushaji anabaki nani wa kusomewa namba? Ndiyo uzito wa suala hili, na nyie mmekazana na Mako3 na mkono wa kushoto.

KushotoDaima
"Mmekazana na mkono wa kushoto." Sawa. Naona.

MzeeWaRoc
Vijana, punguzeni moto. Fohendi_Tu kasema jambo. Namba ni za mkono wenye kasi fulani. Mwenye kasi ndogo hataiona ile -1 ya Buzzz hata siku moja, kwake ni diski inayonyooka halafu inakata. Mwenye mkono wa radi anaiona mapema mno. Wote wawili wana Buzzz moja na wote wanasema kweli.

Tarakimu
Mzee, hapo umenisogezea hoja, tena kwa upande wangu. Iandikwe basi! Kasi ya kilomita 80 kwa saa inafanya hivi, kilomita 100 kwa saa inafanya vile. Siku hizi kuna TechDisc, diski yenye kihisio ndani inayosoma kasi, mzunguko na pembe ya pua. Mrushaji anaweza kujua mkono wake. Kinachokosekana ni kujua diski kwa kipimo hichohicho. Namba nne zilizochapwa bila kasi iliyotumika ni nusu ya sentensi.

Pua_Chini
Hilo la kasi mbili nalikubali kuliko mashine moja kasi moja. Ongeza urefu kutoka usawa wa bahari. Hewa nyepesi ya milimani inapunguza mgeuko, na Stingray, midrenji ya Innova yenye mgeuko wa -3, inaanza kufanana na diski ya kawaida.

BintiUpepo
Naona Tarakimu ameshatoka kwenye "namba moja kwa wote" amefika "namba kwa kila kasi, kila toleo". Nakubaliana naye sasa kuliko mwanzo. Ile ya mabano kuhusu Mako3 ndiyo hajaigusa.

Tarakimu
Dada, Mako3 nimesema "kwangu". Ni maoni, na nayasimamia. Diski isiyokata kabisa mwishoni haikufundishi kupanga mahali pa kushukia. Roc mpya inakulazimisha uhesabu mkato kabla hujarusha.

BintiUpepo
Na isiyokata inakulazimisha uhesabu mwinamo kabla hujarusha. Ni hesabu ileile, ila mimi nikikosea hakuna wa kunirudisha.

Mkono_Mwepesi
Samahani wakuu, nimefuatilia toka juu. Mimi ndiyo naanza, mkono wangu haufiki mita 60. Nichukue ipi kati ya hizo nne?

MzeeWaRoc
Roc ya DX, mwanangu. Itachakaa pamoja nawe.

Tarakimu
Hex, na isiwe nzito sana. Kwa kasi hiyo unahitaji mweleo kuliko kitu kingine, na -1 yake itakusaidia kunyoosha.

KushotoDaima
Kabla hajajibiwa, kuna aliyemuuliza anatumia mkono gani?

Mkono_Mwepesi
Kushoto, mkuu.

KushotoDaima
Karibu sana. Mzee amekuambia Roc, nayo itakata kwenda kulia kwako, tena mapema. Chukua Hex. Simama upande wa kulia wa kianzio, iachie bapa, usiiinamishe chochote mpaka uione inavyokwenda yenyewe. Michoro ya watu achana nayo kwanza.

Pua_Chini
Naunga mkono. Yoyote kati ya hizo nne isipokuwa Roc mpya.

MzeeWaRoc
Isipokuwa Roc? Rudia, kijana.

Pua_Chini
Isipokuwa Roc *mpya*, mzee. Kwa mkono wa mita 60 ile 3 ya mwisho inaanza kabla diski haijafika nusu ya safari, na atadhani ndivyo midrenji zote zilivyo. Ukiwa nayo iliyochakaa, mpe hiyo.

MzeeWaRoc
Iliyochakaa haitoki kwenye begi langu.